Neno lililoanzia tumboni likaishia kwa mbwa

SEHEMU YA 1

Mliouliza mbona kimya, nilikuwa zamu za usiku, nne mfululizo. Nimelala, nimekula, nimerudi. Leo tunaongelea tumbo kunguruma. Najua mtacheka, chekeni tu, lakini tutapita Uingereza ya zamani, Ugiriki na Ufaransa kabla ya kurudi wodini. Ni ndefu ndo maana nimeigawa. Soma kidogo kidogo, chai ikiwa pembeni.

Ilianza hivi. Usiku wa juzi mwanafunzi wa uuguzi niliyepangiwa naye alikuwa anasoma faili la mgonjwa, akaniita pembeni kwa sauti ya chini. "Sista, huu ni ugonjwa gani?" Nikaangalia. Daktari alikuwa ameandika, kwa ule mwandiko wao tunaoujua, "borborygmi". Binti wa watu alishajiandaa kusikia jambo zito.

Nikamwambia, "Ni tumbo kunguruma tu."

Alicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akageuka. "Yaani Sista, jina lote hilo kwa ajili ya njaa?"

Nikacheka na mie. Ila niliporudi nyumbani asubuhi neno lile liligoma kuniacha nilale. Kwanza, si njaa tu. Pili, miaka yangu ya mwanzo kazini kuna mtoto nilikaribia kumpoteza kwa sababu sikuelewa tumbo lake lilikuwa linasema nini. Huyo mtoto nitamfikia sehemu ya 7, na naomba usiruke moja kwa moja kwenda huko. Ukianza na historia ya neno lenyewe utaelewa vizuri zaidi kosa langu lilikuwa wapi.

SEHEMU YA 2

Tuache kwanza hilo "borborygmi" la daktari. Tuanze na neno la kawaida la Kiingereza, "growl".

Ukilisikia hilo unamwona nani? Mbwa. Meno nje, manyoya yamesimama mgongoni, sauti inatoka kooni, hujui kama urudi nyuma au usimame. Mie nilidhani Waingereza walilitoa kwa mbwa, halafu wakalihamishia tumboni kwa mfano, kama sisi tunavyochukua ngurumo ya radi na ya simba tukasema tumbo linanguruma.

Kumbe kwao mambo yalikwenda kinyume.

Kabla ya mwaka 1066, Kiingereza kilikuwa lugha ambayo Mwingereza wa leo hawezi kuisoma bila mwalimu. Katika lugha hiyo kulikuwa na kitenzi "grymettan", maana yake kunguruma, kufoka, kutoa sauti nzito ya ghadhabu. Ni sauti ya simba na ya mtu aliyepandwa na hasira. Kitenzi hicho kilikufa, Mwingereza wa leo hakijui. Ndugu yake mmoja yupo hai mpaka leo, "grim". Zamani lilikuwa na maana ya mkali, katili. Sisi watu wa hospitali tunalikutana nalo kwenye vitabu na kwenye majalada, pale hali ya mgonjwa inapokuwa mbaya na matumaini ni kidogo.

Mwaka 1066 Wanormani kutoka kaskazini mwa Ufaransa walivuka bahari wakaiteka Uingereza. Mkuu wao, William, akawa mfalme. Kwa miaka mingi baada ya hapo wakubwa walizungumza Kifaransa, wakulima wakaendelea na Kiingereza chao, na polepole maneno ya Kifaransa yakaingia kwa maelfu. Ya mahakama, ya jikoni, ya mavazi, ya uganga.

Kati ya hayo yote likaingia moja lisilo na heshima yoyote. Kifaransa cha zamani kilikuwa na kitenzi "grouler", kunguruma kwa chini. Mwanzoni mwa karne ya 15 tunalikuta tayari liko ndani ya Kiingereza kwa umbo la "grolling". Maana yake ilikuwa nini? Mngurumo wa matumbo!

Mbwa bado hayupo. Mbwa anaingia miaka ya 1660, zaidi ya miaka 200 baadaye. Ndipo "growl" inapoanza kuandikwa kwa sauti ya mnyama mwenye hasira. Baadaye tena likahamia kwa binadamu anayenung'unika na kujibu watu kwa mkato.

Kwa hiyo kwa mujibu wa wanaochimba asili ya maneno, safari ilikuwa hii: tumbo, mbwa, halafu mtu mwenye kisirani. Sisi wahudumu wa afya tulikuwa na neno hili kabla ya mbwa. Nimefurahi sana kulijua hili, sijui kwa nini.

SEHEMU YA 3

Sasa turudi kwa daktari na mwandiko wake.

"Borborygmi" ni wingi, umoja wake ni "borborygmus". Kiingereza kililichukua mwanzoni mwa karne ya 18, wakati madaktari wa Ulaya walikuwa wanapenda kila kitu kiwe na jina la Kigiriki au la Kilatini. Mgonjwa akisema "tumbo linanguruma", daktari anaandika neno ambalo mgonjwa hawezi hata kulitamka. Tabia hiyo haijafa, tuseme ukweli.

Ila lenyewe si neno la kisomi hata kidogo. Ni la Kigiriki cha kale, "borborygmos", na Wagiriki waliliunda kwa kuiga sauti yenyewe. Hebu litamke polepole: bor-bo-ryg-mos. Weka mkono tumboni ukilitamka. Si ndo hivyo linavyofanya?

Kiingereza kikasema "grol". Waarabu wanasema "qarqara". Kiswahili kinasema nguruma. Lugha nne, na kila moja ina ile R inayobingirika katikati, kana kwamba watu wote waliinama kwenye tumbo moja wakaandika walichosikia.

Neno hili la Kigiriki limo kwenye maandishi ya waganga wa kundi la Hippocrates, ambayo mengi yanatoka karne ya 5 na ya 4 kabla ya Kristo. Na hapa ndo nilipowaheshimu wazee wale. Kuna kitabu chao kinachofundisha jinsi ya kumwangalia mgonjwa na kukadiria ugonjwa wake utaelekea wapi. Ndani yake wanasema, kwa maneno yangu mie, kwamba maumivu mapya na uvimbe wa chini ya mbavu, ikiwa hakuna dalili ya moto ndani, hupata nafuu tumbo likianza kunguruma, hasa mngurumo ukitoka nje pamoja na choo, mkojo au hewa.

Hapo hapo wanasema ni vizuri zaidi hewa ikitoka bila kelele, ila afadhali itoke na kelele zake kuliko ibaki ndani.

Jamani! Miaka zaidi ya 2,000 imepita, na asubuhi nikipita kwa mama aliyefanyiwa upasuaji swali langu la kwanza baada ya salamu ni lile lile. "Mama, umeshajamba?" Samahani kwa lugha, ndo kazi yetu. Wengine hujifunika shuka usoni kwa aibu. Wengine hunijibu kwa fahari, na wodi nzima inampongeza. Mganga wa Kigiriki angesimama pale angeelewa kila kitu tunachoongea.

SEHEMU YA 4

Kabla watu hawajajua kinachotokea ndani, sauti ya tumbo iliwatisha. Fikiria wewe unasikia mtu amefumba mdomo na sauti inatoka ndani yake. Utasema nini kama hujawahi kuona picha ya utumbo?

Wagiriki walikuwa na watu waliowaita "engastrimythoi", yaani wenye maneno tumboni. Hawa walikuwa wakitabiri, na iliaminika kuna roho imekaa tumboni mwao inayozungumza. Wanaosoma Biblia mnakumbuka habari ya mfalme Sauli kumwendea yule mwanamke wa Endori usiku, amejibadilisha mavazi, akitaka aitiwe Samweli aliyekwisha kufa. Wayahudi walipoyaweka maandiko yao kwa Kigiriki, karne kadhaa kabla ya Kristo, mwanamke yule walimwita kwa neno hilo hilo, mwenye maneno tumboni.

Warumi nao wakawa na lao kwa Kilatini: "venter" ni tumbo, "loqui" ni kusema. Ndipo lilipotoka "ventriloquist" la Kiingereza, yule msanii wa jukwaani anayeongea bila kuchezesha midomo huku ameshika mwanasesere. Leo tunalipa kiingilio kumwangalia. Zamani mtu wa namna hiyo angeweza kuogopwa au kushtakiwa.

Nawaeleza haya kwa sababu hata sasa wodini nakutana na hofu hiyo. Ndugu wa mgonjwa anakuja kuniambia kwa kunong'ona kwamba tumbo la mzee linaongea usiku, na kwamba nyumbani wameshaanza kusema maneno. Huwa simcheki. Namkaribisha, nampa stethoskopu, namwambia asikilize tumbo lake mwenyewe kwanza. Akishasikia kwamba na la kwake linaongea, uso unabadilika kabisa. Baada ya hapo tunaweza kuzungumza kuhusu ugonjwa wa mzee.

SEHEMU YA 5

Nani alianza kusikiliza kwa kifaa?

Mwaka 1816, Paris, katika hospitali ya Necker, daktari René Laennec alikuwa na mgonjwa wa kike kijana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Wakati huo daktari aliyetaka kusikia kifua aliweka sikio lake moja kwa moja kwenye ngozi ya mgonjwa. Kwa binti yule Laennec aliona haya, na tena alikuwa mnene, sikio lisingesaidia sana. Akachukua karatasi, akaikunja kama bomba, upande mmoja akauweka kifuani, mwingine sikioni. Akasikia moyo vizuri kuliko alivyowahi kuusikia kabla ya hapo.

Baadaye akatengeneza bomba la mbao, na mwaka 1819 akatoa kitabu kizima kuhusu kusikiliza kwa njia hiyo. Ndo babu wa hii stethoskopu ninayoivaa shingoni. Ilizaliwa kwa sababu ya aibu, na wala sioni ubaya. Heshima kwa mgonjwa imetupa kifaa.

Ila Laennec kazi yake kubwa ilikuwa kifua: mapafu na moyo. Tumbo lilisubiri. Mwaka 1905 Mmarekani Walter Cannon, mwalimu wa Harvard, alichapisha utafiti kuhusu kusikiliza sauti za tumbo na utumbo, akionyesha kwamba zina mpangilio, zinakuja kwa mapigo yanayojirudia. Maana yake si fujo. Kuna kazi inafanyika kule ndani kwa zamu, kama sisi.

Mwaka 1912 Cannon na mwanafunzi wake Washburn wakatoa jingine, na hili linahitaji moyo. Washburn alijizoeza kumeza mpira mwembamba wenye puto mwishoni. Puto likishafika tumboni linajazwa hewa kidogo, upande wa nje unaunganishwa na mashine ya kuchora mistari. Kila tumbo likijikaza, mstari unapanda. Washburn akawa anabonyeza kila anapohisi njaa imembana. Walipolinganisha, maumivu ya njaa yalikwenda sambamba na kujikaza kwa tumbo.

Nawawekea mipira ya pua wagonjwa karibu kila wiki, naona wanavyoteseka dakika zile mbili. Huyu alijizoeza mwenyewe, kwa hiari, ili tujue njaa ni nini. Wanafunzi wa siku hizi mkiambiwa mkafanye utafiti mnalalamika bando limeisha.

SEHEMU YA 6

Sasa kwa nini linanguruma?

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa kama mita 6, umekunjwa kunjwa ukaenea humo tumboni. Ndani kuna chakula, majimaji na hewa. Kuta zake ni misuli inayobana na kuachia, ikisukuma kila kitu mbele. Hewa na maji vikisukumwa kwenye bomba la namna hiyo lazima vipige kelele. Tumbo likiwa na chakula, chakula chenyewe kinafunika sauti. Likiwa tupu, ni kama kuongea kwenye chumba kisicho na samani.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mngurumo wa njaa ni usafi. Ukimaliza kumeng'enya chakula, utumbo haukai bure. Kila baada ya dakika 90 hadi 120 hivi linapita wimbi la kujikaza, linaanzia juu kwenye tumbo na kushuka chini taratibu, likifagia mabaki na bakteria kuelekea utumbo mpana. Homoni inayoitwa motilini inahusika kuliamsha. Ukila, wimbi linakatika, kazi ya kumeng'enya inaanza upya. Usipokula, linapita, linatulia, halafu linarudi tena baadaye.

Ndo maana ukifunga, iwe Ramadhani au Kwaresima, saa fulani tumbo linakusumbua kweli kweli, unadhani hutafika jioni, halafu ghafla linaacha na unaendelea na kazi zako. Hukupata nguvu za ajabu. Wimbi limepita.

Na sasa angalia jinsi mambo yanavyozunguka. Wimbi hili lilielezwa vizuri mwaka 1969 na mtafiti Joseph Szurszewski. Alilipima kwenye utumbo wa nani? Wa mbwa waliokuwa hawajala! Neno lilitoka tumboni kwa binadamu likaenda kwa mbwa katika karne ya 17. Miaka 300 baadaye maelezo yake yakatoka tumboni kwa mbwa yakarudi kwa binadamu. Nilipoligundua hili nilikuwa kwenye daladala, nikacheka peke yangu, abiria wakanisogelea mbali.

SEHEMU YA 7

Tumefika.

Nilikuwa nimemaliza diploma si muda mrefu, niko kwenye kituo kidogo, zamu ya usiku. Mama mmoja alikuwa amelazwa na mwanawe wa kiume, miaka 5. Tumbo linambana na kuachia, linambana na kuachia, ametapika mara kadhaa. Kachomekewa dripu, kapewa dawa, anaangaliwa. Usiku wa kwanza tumbo lile lilikuwa linalia mpaka unasikia ukiwa umesimama miguuni pa kitanda. Mama yake aliniambia, "Nesi, ni kama kuna mtu anamimina maji kwenye ndoo." Mtoto alikuwa anajikunja na kulia.

Usiku wa pili nikarudi zamu. Kukawa kimya. Mtoto kalala chali, halii, anaangalia dari. Mama yake akanishika mkono, anatabasamu kwa mara ya kwanza. "Nesi, namshukuru Mungu. Limenyamaza. Naona dawa imefanya kazi."

Nikafurahi naye. Nikamwambia, "Pole mama, na wewe pumzika sasa." Nikaandika kwenye ripoti: tumbo limetulia. Sikuweka mkono tumboni. Sikuweka stethoskopu. Nilikuwa na wagonjwa wengi usiku ule, na hiyo haiwi sababu.

Asubuhi tunakabidhiana zamu, nasoma ripoti yangu. Inchaji wa wodi, mama mtu mzima mwenye miaka mingi kazini, akanikatisha.

"Limetulia au limenyamaza?"

Sikuelewa. Nikasema, "Limetulia, Mama. Hata mama yake anasema."

"Umesikiliza dakika ngapi?"

Sikuwa na jibu. Tukaenda wote kitandani. Akamsalimia mama mtu vizuri, akapasha moto kile kisahani cha stethoskopu kwa kiganja chake, akakiweka tumboni kwa mtoto, akainua macho kwenye saa ya ukutani. Wodi nzima ilikuwa imesimama, au mie ndo niliona hivyo. Alisikiliza upande huu, upande ule, juu, chini. Hakuharakisha. Halafu akagusa kidogo kwa vidole. Tumbo lilikuwa limejaa, gumu kama ubao, na mtoto akakunja uso bila hata nguvu ya kulia.

Akasimama, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwite daktari. Na gari liandaliwe."

Mtoto alipewa rufaa, akafanyiwa upasuaji jioni ile ile. Utumbo ulikuwa umezibwa na fundo la minyoo, ile mikubwa, na sehemu ya utumbo ilikuwa imeshabadilika rangi ikabidi ikatwe. Tumbo lile halikupona usiku ule. Lilikuwa limepigana siku nzima kusukuma kitu kisichosukumika, ndo ule mngurumo wa ndoo, halafu likachoka.

Aliishi. Alikaa hospitali kama wiki tatu. Siku moja mama yake alipita kituoni kwetu kutushukuru, akanikuta mie, akanishukuru mimi. Sikujua niuweke wapi uso wangu.

Inchaji hakunigombeza hata siku moja. Alinifundisha tu tofauti ya maneno mawili, na tangu siku hiyo sijawahi kuandika "limetulia" bila kusikiliza. Kutulia ni tumbo laini, linalosikika taratibu, na mtu mwenye nafuu usoni. Kunyamaza ni kingine.

SEHEMU YA 8, ya mwisho

Chuoni tulifundishwa kwamba kwa mtu mzima mwenye afya utasikia milio kama 5 hadi 30 kwa dakika. Tulifundishwa pia kusikiliza kabla ya kubonyeza, kwa sababu ukianza kulibonyeza bonyeza tumbo unabadilisha unachotaka kukisikia. Na kabla ya kusema hakuna sauti, usikilize mpaka dakika 5. Dakika 5 wodini ni nyingi mno. Jaribu kuzikaa kimya hapo ulipo uone.

Niwe mkweli pia: mlio peke yake si ushahidi wa kutosha. Siku hizi wataalamu wengi hawasubiri tumbo lingurume ndipo mgonjwa wa upasuaji apewe chakula, wanaangalia mambo mengi kwa pamoja. Tumbo linaweza kusikika na ndani kuna tatizo. Kwa hiyo usinunue stethoskopu ya mtandaoni uanze kujitibu. Ninachoomba ni hiki.

Tumbo linalonguruma tu, huna maumivu, unakula, unapata choo, ni tumbo linalofanya kazi. Usilionee aibu kanisani wala kwenye mkutano. Mwambie jirani yako ni usafi unaendelea.

Lakini tumbo likibana na kuachia kwa nguvu, likajaa, mtu akatapika, hasa matapishi ya kijani, choo hakuna na hewa haitoki, usikae nyumbani. Inaweza kuwa ngiri iliyokwama, utumbo uliojisokota, makovu ya upasuaji wa zamani, na kwa watoto minyoo au utumbo mmoja kuingia ndani ya mwingine. Na likiwa limepiga kelele sana halafu ghafla likawa kimya huku mgonjwa amelegea, usimshukuru Mungu bado. Kimbia hospitali, utamshukuru ukifika.

Ukishafika, mwambie nesi kila kitu ulichosikia, hata kama unaona ni upuuzi. Yule mama aliniambia habari ya ndoo. Alikuwa amenipa jibu lote, kwa Kiswahili chepesi, bila neno moja la Kigiriki. Mie ndo sikulipokea.

Watoto wapewe dawa za minyoo zinapotolewa shuleni na kliniki. Mikono ioshwe kwa sabuni. Mnalijua hili, nalirudia tu.

Kuhusu yule mwanafunzi wangu aliyecheka: jana usiku nilimkuta ameinama kwa mgonjwa wa kitanda cha 6, stethoskopu masikioni, macho kwenye saa. Nikapita taratibu nisimsumbue. Alipomaliza akaja kwangu, "Sista, limetulia."

Nikamuuliza, "Limetulia au limenyamaza?"

"Limetulia. Dakika 5 nzima, na nimeligusa ni laini."

Nikamwacha aandike.

Sasa zamu yenu. Waingereza wana growl, Wagiriki wana borborygmos, sisi tuna nguruma. Kwenu, kwa lugha ya bibi yako, tumbo likilia mnasemaje? Niandikieni hapo chini na mseme ni kabila gani. Nataka nione kama ile R ipo kila mahali.

Usiku mwema. Mie naingia zamu.